Gia Imekwama, Injini Haishuki

Pedali ya gia ya pikipiki yangu ilinilegea nikiwa Jogoo Road, nimepita tu City Stadium, nyuma nimefunga gunia la viatu kutoka Gikomba na mvua ya Aprili ndiyo inaanza kudondoka. Nilikanyaga kuingia gia ya 3, ikaingia vizuri, nikaondoa mguu. Pedali haikupanda. Ilibaki imelala chini kama ulimi wa ng'ombe aliyekwisha chinjwa. Nikaikanyaga tena na mguu haukukuta chochote.

Asiyeendesha pikipiki pengine haoni kioja hapo. Ukikanyaga pedali ya gia halafu ukaiachilia, kuna kitu ndani kinachoirudisha mahali pake ili iwe tayari kwa mkanyago unaofuata. Siku moja ya kazi, Gikomba hadi Umoja, Umoja hadi Donholm, Donholm hadi Gikomba tena, mguu wangu wa kushoto hukanyaga mamia ya mara na hicho kitu hurudisha mamia ya mara, na sikuwahi hata kujiuliza kinaitwaje.

Nilijifunza ujanja hapo hapo barabarani: naingiza ncha ya kiatu chini ya pedali, naiinua kwa nguvu hadi juu, kisha nakanyaga. Mara moja inashika, mara tatu inakataa. Matatu nyuma yangu yalinipigia honi kama niliyewafungia lango la harusi. Nilifika Umoja kwa gia ya 2, injini ikilia mpaka nikaionea huruma, nikamkabidhi mteja viatu vyake vikiwa vimelowa upande mmoja, halafu nikasogea hivyo hivyo hadi Kayole ninakoishi. Kumbukeni hizo kilomita za gia ya 2. Nitazilipia baadaye kwa maneno makali.

Asubuhi nilimpelekea fundi wa karibu na steji yetu. Kijana mchapakazi, ana vifaa, ana wateja. Akaisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, injini imezimwa, akainua pedali na kuikanyaga, akainua na kuikanyaga. Hakuna gia iliyoingia hata moja. Akanyanyuka, akajifuta mikono.

"Giaboksi imekufa, bro. Injini ishuke, tupasue kesi."

Kwa wasiojua lugha hii: kupasua kesi ni kuigawanya injini katikati. Pikipiki nyingi tunazotumia Nairobi, za mtungi mmoja, CC 100 hadi 150, zina giaboksi ndani ya injini yenyewe, na kesi inafunguka nusu kushoto na nusu kulia. Ili uzione gia, lazima uitoe injini kwenye fremu, uvue kichwa cha silinda, silinda yenyewe na pistoni, klachi upande wa kulia na magneto upande wa kushoto, ndipo zile nusu mbili ziachane. Ukishafika hapo umegusa kila kitu. Fundi akisahau pete moja ya washa, au akirudisha ringi za pistoni vibaya, unaondoka na ugonjwa ambao hukuja nao.

Bei yake ilikuwa 9,500 kazi tu, spea kando, siku 3. Mimi pikipiki hii nadaiwa na chama chetu cha akiba. Kila Jumapili nina pesa ya kupeleka, iwe nimefanya kazi au nimelala. Nikamwambia nitarudi.

Simuiti tapeli, hilo niliweke wazi, maana nikisimulia hadithi hii steji watu hurukia hapo kwanza. Yule kijana aliamini alichokiona. Kosa lake ni kwamba alijaribu gia injini ikiwa imezima na gurudumu la nyuma limetulia tuli. Hata pikipiki mpya kutoka dukani inaweza kukataa kuingia gia namna hiyo. Sababu yake nilielezwa siku hiyo hiyo mchana, katika kibanda cha mabati kule Kariobangi Light Industries, na mtu ambaye kila mmoja humwita Mzee, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Mzee alianza na injini za posho mill na pampu za maji. Pikipiki zilimkuta njiani, anasema, serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka wa 2008 na mji ukajaa. Nilimkuta anakunywa chai kwenye kikombe cha bati. Nikamsalimu, nikaanza kueleza kwamba giaboksi imekufa. Akaniinulia kidole.

"Kijana, usiniambie imekufa. Niambie mguu ulisikia nini."

Nikamwambia. Iliingia gia, haikurudi. Nikiinua kwa kiatu, mara nyingine inashika. Akauliza kama kulikuwa na sauti ya kusaga. Hapana. Akauliza kama gia iliwahi kuchomoka yenyewe kabla ya siku hiyo. Nikasita. Ndiyo, ile ya 3, nikiwa na mzigo mzito kwenye mlima, karibu miezi miwili sasa. Nilikuwa nimezoea kuishikilia kwa mguu. Mzee akanitazama kama daktari anayetazama mtu aliyekohoa damu miezi miwili akinywa tangawizi.

"Hayo ni magonjwa mawili," akasema. "Moja liko upande huu wa ukuta. Jingine sijui bado."

Kisha akaniita nyuma ya pikipiki. Gurudumu likiwa juu, akaniambia nilizungushe kwa mkono taratibu, mbele na nyuma, yeye akiwa ameishika pedali kwa vidole. Akaiinua, akaikanyaga. Tak. Gurudumu likashikwa mkononi mwangu. Akainua tena, akakanyaga, nikazungusha. Tak. Gia zilikuwa zinaingia.

Gia za pikipiki hizi zimeshikana meno kwa meno muda wote, hata ukiwa nyutro. Meno hayo hayaachani. Kinachobadilika ni gia ipi imefungwa kwenye shafti na ipi inazunguka bure juu yake. Ubavuni mwa baadhi ya gia kuna vinundu vinene, na gia ya jirani ina matundu au vinundu vya kuvipokea. Wenye vitabu wana jina lao; Mzee anaviita magego. Meno ni ya kuzungushana, magego ni ya kung'atana. Ukikanyaga pedali, uma mdogo wa chuma, foku, unaisukuma gia moja pembeni ili magego yake yamng'ate jirani. Sasa, kila kitu kikiwa kimesimama, gego linaweza kukutana na gego uso kwa uso badala ya kuingia kwenye pengo. Hapo unaweza kukanyaga mpaka kesho. Sogeza gurudumu kidogo, gia zinazunguka kidogo, pengo linajitokeza, gego linatumbukia. Kwa hiyo hukumu yote ya 9,500 ilitokana na gurudumu ambalo hakuna aliyelizungusha.

Na ukuta? Foku husukumwa na ngoma, kipande cha chuma cha mviringo chenye mifereji iliyochongwa kando. Ngoma ikizunguka, mifereji inazipeleka foku kushoto na kulia. Hayo yote, gia, foku na ngoma, yako ndani kabisa, kati ya zile nusu mbili za kesi. Lakini kichwa cha ngoma kinatokeza kulia, nyuma ya klachi, na hapo kimefungwa kipande chenye umbo la nyota. Pedali yako iko kushoto, ila shafti yake inapenya injini nzima hadi upande huo wa kulia, na mwisho wake una mkono wenye kucha unaoivuta ile nyota hatua moja kila ukikanyaga. Springi nene yenye miguu miwili inaurudisha ule mkono katikati. Na kuna mkono mwingine mdogo, wenye kigurudumu kwenye ncha, unaokandamizwa na springi yake ndani ya mabonde ya nyota ili ngoma isitangetange. Vyote hivyo viko nje ya ukuta. Unavifikia kwa kufungua kifuniko cha kulia na kuitoa klachi, injini ikiwa bado imekaa kwenye fremu yake.

Ukilijua hilo, maswali yanabadilika. Pedali isiyorudi: springi ya kurudisha imekatika, upande huu. Gia inapanda lakini haishuki, au inashuka haipandi: mara nyingi ni ile pini inayoshikilia miguu ya springi imelegea, upande huu. Unakosa gia, unakuta nyutro mahali pasipo nyutro: huenda springi ya kigurudumu imechoka, upande huu. Gia moja tu inayochomoka ukiipa nguvu, na ni ile ile kila mara: hapo anza kuhesabu pesa.

Kabla ya kufungua chochote alimwaga oili. Si kwenye mtaro, kama wengi wanavyofanya, bali kwenye beseni safi jeupe. Akazamisha sumaku ya spika ya redio iliyofungwa kwenye waya, akaikoroga kama anayetafuta nyama kwenye mchuzi. Ilitoka na ugaga laini wa kijivu. Akausugua kati ya vidole viwili, akaninyooshea na mimi nisugue. Ulikuwa kama majivu yaliyochanganywa na Vaseline. Huo, akasema, ni uzee wa kawaida. Chuma kikisuguana na chuma lazima kiache vumbi. Cha kuogopa ni vipande: punje zenye pembe, zinazokwaruza ngozi. Punje moja ya namna hiyo ikishika sumaku ni kipande cha jino au cha gego, na hapo hakuna cha kubembeleza, kesi inapasuliwa. Vinavyong'aa bila kushika sumaku ni aluminiamu au shaba, na hivyo vina hadithi yao.

Akalinusa lile oili pia. Akaniuliza nanunua lipi. Nikamwambia lolote lililo rahisi, wakati mwingine la gari. Hapo nilipata hotuba ambayo nitaifupisha: katika pikipiki hizi oili moja inahudumia injini, klachi na gia kwa pamoja, na baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano inayoifanya klachi iteleze. Tafuta chupa yenye herufi JASO MA nyuma. Basi.

Tukaanza kazi saa 6 mchana. Alifunga petroli, akailaza pikipiki kwa ubavu wa kushoto juu ya tairi mbili kuukuu ili oili iliyobaki isitumwagikie. Kiki ikatoka, pedali ya breki ikashuka, kebo ya klachi ikafunguliwa, kisha bolti za kifuniko, zote za spana ya 8. Bolti hizo hazilingani urefu. Mzee alikuwa na kipande cha katoni alichokichora umbo la kifuniko, akawa anachomeka kila bolti kwenye katoni mahali ilipotoka. Nimeona mafundi wanaozimwaga zote kwenye kopo moja. Bolti ndefu ikirudi kwenye tundu fupi inagonga mwisho kabla haijabana, fundi anaongeza nguvu, na uzi wa aluminiamu unatoka wote kama nyuzi za ndizi.

Kifuniko kilikuwa kimeng'ang'ana. Alikigonga pembeni kwa mpini wa nyundo, wa mbao, taratibu, akizunguka. Hakuchomeka bisibisi katikati hata mara moja. Kilipoachia, nikaona klachi kwa mara ya kwanza maishani, nono kama sufuria ya ugali.

Nati inayoishika klachi ina mapengo manne, spana ya kawaida haiingii. Wengine huigonga kwa tindo na nyundo hadi izunguke. Mzee ana kipande cha bomba alichokipiga msasa wa chuma mwenyewe mpaka kikatoa meno manne yanayoingia mle sawasawa. Akachomeka kipande cha shaba kati ya gia kubwa ya klachi na gia ndogo inayoisukuma ili zisizunguke, kwa sababu shaba ni laini na haivunji jino la mtu. Nati ikalia mara moja, ikakubali.

Nyuma ya klachi, pale pale aliposema, springi ilikuwa na mguu mmoja.

Nilicheka. Yeye hakucheka. "Mguu wa pili uko wapi?" Alichukua tochi, akachungulia chini ya kesi, akapitisha sumaku pole pole kwenye kila kona. Kwenye kichungio cha waya hakuna. Chini ya gia ya kiki hakuna. Aliupata umejibanza kwenye kona ya chini, ncha yake ikiwa imekwaruzwa upya, inang'aa. Gia kubwa ya klachi ilikuwa imeshauonja.

"Ulikuja na hii ikiendeshwa?"

"Nilisukuma kidogo, Mzee. Nyingine niliendesha."

Sitayaandika yote aliyoniambia. Kiini chake ni kwamba kile kipande, urefu wa kiungo cha kidole, kingeingia kati ya meno mawili yanayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na hapo tungekuwa tunazungumzia kesi iliyotoboka. Alinionyesha moja pembeni ya kibanda, ya mtu mwingine: cheni ilikatika, ikajikunja kwenye sprocketi ya mbele, ikapasua kesi tundu la kuingia yai. Imeziba kwa kuchomelewa na argoni, kovu limevimba. Ikiwa springi imekatika, zima, sukuma au ibebe kwa mkokoteni. Mimi sikujua. Sasa mnajua.

Kabla ya kunituma spea alifanya kitu ambacho hadi leo nakiona kizuri kuliko kazi nyingine zote za siku ile. Klachi ikiwa nje, ncha ya shafti yake inaonekana wazi. Akaniambia nizungushe gurudumu la nyuma polepole, yeye akaizungusha nyota kwa vidole, hatua moja moja. Nyutro: gurudumu linazunguka, shafti haijali. Gia ya 1: gurudumu likisogea kidogo tu, shafti inakimbia. Ya 2: inakimbia kidogo kidogo. Ya 3, ya 4, kila moja polepole kuliko iliyopita. Gia zote nne zikajitambulisha bila mtu kuzifungulia mlango. Foku hazijakatika, ngoma haijakwama.

Halafu akarudi nyuma hatua kwa hatua, na katika kila gia akaisogeza nyota kidogo nje ya bonde lake, unene wa kucha hivi, huku mimi nikizungusha. Gia ya 1 ilishika. Ya 2 ikashika. Ya 4 ikashika. Ya 3 ikaachilia, tak, mapema kuliko wenzake.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akaeleza akichora kwa kucha kwenye vumbi la benchi. Magego mazuri yamechongwa yameinama kidogo kwa ndani, kama kulabu. Ukitia nguvu yanavutana, yanazidi kushikana. Yakishapigwa sana pembe zinakuwa duara, na hapo nguvu ile ile iliyokuwa inayavuta inaanza kuyasukuma yaachane. Ndiyo maana inachomoka mlimani na mzigo, na kwenye tambarare inatulia. Au foku imepinda kidogo na haimfikishi jirani mwisho. Au vyote viwili. Hilo liko ng'ambo ya ukuta.

"Nikikubadilishia na springi ya kigurudumu, itaikalisha ngoma katikati. Itakusaidia. Haitakuponya." Akanipa njia mbili. Tushushe injini wiki hii, nitafute pesa ya gia na foku. Au tufunge, niendeshe kwa adabu, tupasue siku nitakayochagua mimi.

Nikasema tufunge. Nilihesabu chama, kodi ya mwisho wa mwezi, na ukweli kwamba fundi huyu amenionyesha magonjwa yote mawili kabla ya kuniuliza pesa.

Mvua ilikuwa imekatika nilipopanda matatu kwenda Kirinyaga Road. Wazee bado wanaiita Grogan, jina la yule Mwingereza, Ewart Grogan, aliyevuka Afrika kutoka Cape hadi Cairo kati ya 1898 na 1900, sehemu kubwa kwa miguu. Barabara iliyobeba jina lake leo inauza kila kitu cha kumwezesha mtu asitembee. Mama mwenye duka aliniuliza swali moja tu: "Umekuja na sampo?" Nikatoa ile springi yenye mguu mmoja kwenye karatasi. Akaileta mpya, nikaipanga juu ya ile ya zamani kama Mzee alivyonielekeza: unene wa waya, kipenyo cha ndani, pembe ya miguu. Ya kwanza ilikuwa na waya mwembamba. Akaniletea nyingine, ghali zaidi kwa shilingi 100. Hiyo ikalingana. Springi ya kurudisha 250, springi ndogo ya kigurudumu 100, oili sili ya shafti ya pedali 150, karatasi ya gasketi 100, oili 700.

Oili sili nilidhani ni ya kuongeza bili tu. Mzee akanionyesha: shafti ya pedali ikichomolewa kulia na kurudishwa, meno yake ya upande wa kushoto hupita kwenye midomo ya sili na kuikata. Alizungushia meno hayo selotepu, akaipaka oili, akaipitisha, kisha akaichomoa selotepu upande wa pili. Kazi ya dakika moja. Nadhani nusu ya pikipiki zinazodondosha oili kushoto mtaani kwetu zilikosa selotepu ya shilingi 5.

Gasketi aliitengeneza mwenyewe. Alilaza karatasi juu ya kesi, akaigonga kando kando kwa kichwa cha mviringo cha nyundo, kwa wepesi kama anayegonga mlango wa mgonjwa, mpaka ukingo wa kesi ukaikata karatasi yenyewe. Matundu ya bolti akayatoa kwa kugonga gololi ya beringi. Nilidhani amemaliza. Akaniuliza kuna tundu gani limebaki. Nikahesabu bolti, zote zipo. Akaniwekea kidole kwenye tundu dogo lisilo na bolti: njia ya oili, inayovuka kutoka kesi kwenda kwenye kifuniko. Ukiliziba kwa karatasi, pikipiki itawaka, itanguruma vizuri, utamlipa fundi, na injini itakufa kwa kiu kabla hujafika mbali.

Kufunga kulikwenda haraka. Pleti za klachi zililowekwa kwenye oili kwanza. Bolti zikatoka kwenye katoni moja baada ya nyingine, akizibana kwa kukatiza, juu na chini, kushoto na kulia, ameishika spana karibu na kichwa chake ili mkono usipate nguvu ya kuharibu. Mwisho aliilegeza cheni yangu, iliyokuwa imevutwa kama uzi wa gitaa. Nilidhani cheni iliyokaza ndiyo nzuri. Inamwonea beringi na sili ya shafti ya mbele, akasema, iache icheze kama upana wa vidole viwili.

Saa 11 jioni nilipiga kiki. Nikakanyaga ya 1. Pedali ikarudi juu yenyewe, na nikaikanyaga tena bila sababu yoyote, kisha tena, kama mtoto na swichi ya taa. Kazi yake alinitoza 1,800. Jumla na spea, 3,100.

Hiyo ilikuwa Aprili. Springi ya kigurudumu ilifanya alichosema: gia ya 3 inachomoka mara chache sana, na ninajua lini. Nikiwa na mzigo, mlimani nabaki ya 2, nivumilie kelele. Tambarare napita ya 3 haraka kwenda ya 4. Kila kilomita 1,000 namwaga oili kwenye beseni jeupe na kukoroga kwa sumaku yangu mwenyewe, niliyoitoa kwenye redio iliyokufa, mke wangu akiniuliza kama nimeanza uganga. Chini ya kitanda kuna gazeti lililofunga gia mbili za ya 3, zinazong'atana, nilizonunua moja Juni na nyingine Agosti.

Wiki iliyopita nilipitia kwa Mzee na ugaga wa safari hii kwenye kifuniko cha chupa. Aliusugua kati ya vidole viwili, akausugua tena, akausogeza kwenye mwanga wa mlango. Ulikuwa laini, ila safari hii kuna kitu kimoja kilichokwaruza, kidogo kuliko punje ya chumvi.

"Foku umenunua?"

"Bado, Mzee."

"Nunua."